Nimechoka, na Nimekaa Tu

Mke wangu hakubali kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani amechoshwa na kukaa. Yeye huamka saa kumi za usiku kukanda unga wa mandazi, saa kumi na mbili yuko sokoni na beseni lake, mchana yuko kwenye foleni ya maji, jioni yuko jikoni. Mimi narudi saa nane mchana, shati bado limenyooka, viatu havina hata vumbi, na najitupa mkekani kama mtu aliyeshusha magunia.

"Papa Neema," aliniuliza siku moja, "leo mmebeba nini huko?"

"Hatukubeba kitu."

"Sasa unachoka na nini?"

Nilinyamaza. Kiswahili chenyewe kilininyima jibu, kwa sababu aliyebeba magunia anasema nimechoka, na aliyekaa kutwa akiangalia ukuta naye anasema nimechoka. Vijana wa Nairobi wana neno lao, kuboeka. Watu wa pwani wana kukinai, lakini sisi tuliolelewa Uvira, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika tunakinai maharage, hatukinai kazi. Kwetu mtu wa namna hiyo husemwa anakaa bule, basi. Na anayekaa bule haulizwi kama ameumia.

Naandika haya nikiwa Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kaskazini ya Lilongwe. Wasomaji wengi huijua kama kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994, ikatengewa watu 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000: Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia kidogo. Kabla ya hapo palikuwa gereza ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwafunga wapinzani wake. Katika Kichewa kuleka ni kuacha, na wenyeji wanasema jina la mahali lilikuwa onyo: ukitoka hapa utaacha, hutarudia. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka, maana sisi tuliletwa hapa tukiwa tayari tumeacha kila kitu.

Lakini sitaki kuandika juu ya kambi. Nataka kuandika juu ya benchi.

Kabla ya benchi nilikuwa Area 18. Asiyeijua Lilongwe ajue kwamba mitaa yake ina namba badala ya majina, na namba zenyewe hazifuatani. Unaweza kutoka kwenye moja ukajikuta umeingia thelathini na ngapi sijui. Jiji lilipangwa kwenye karatasi kabla watu hawajajaa, likawa makao makuu mwaka 1975 badala ya Zomba. Area 18 iko kwenye barabara ya kwenda kaskazini, pale ambapo zamani minibasi zilizunguka mzunguko na siku hizi kuna daraja la juu. Huko nilisaidia katika duka la mtu wa kwetu. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo.

Kazi iliyonila muda zaidi ilikuwa mafuta ya kupikia. Tulinunua ndoo ya lita ishirini, na kwa kuwa jirani zetu wengi hawakuwa na hela ya chupa nzima, mimi nilikuwa nayapima kwa kikombe kidogo na kuyatia katika vijifuko vyembamba vya plastiki, kila kimoja kinatosha chungu kimoja cha mboga. Nyonya hewa itoke, zungusha shingo ya kifuko mara mbili, piga fundo, futa, panga kwenye sinia. Ukikaza sana kinapasuka, ukilegeza kinavuja juu ya sukari. Nilikuwa nafunga vifuko sitini kabla ya saa moja asubuhi. Huku nafunga, mtoto anagonga nondo: "Achimwene, sabuni!" Mwingine anataka vocha. Mama mmoja anataka unga kwa mkopo na anajua kwamba najua kwamba hajalipa wa juzi. Kazi hiyo haina akili nyingi, nakubali. Fundo la kwanza na fundo la elfu ni fundo lile lile. Ila sikumbuki hata siku moja niliyotazama saa.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo ya ajira na ya mahali pa kuishi, na sera ni kwamba mkimbizi akae kambini. Kwa miaka mingi wengi tuliishi mjini hivyo hivyo. Mwaka 2023 amri ikatoka kwamba wote turudi Dzaleka, na ikatekelezwa. Nilifunga mafundo ya mwisho usiku mmoja, nikapanda gari asubuhi.

Miezi michache baadaye nilipata kile ambacho kambi nzima iliona ni bahati. Ofisi moja ya huduma, jina lake naliacha, ilitafuta wakalimani. Mimi nina Kiswahili, Kifuransa cha shule, Kinyarwanda cha sokoni, na Kichewa nilichofundishwa na wateja wa Area 18. Wakanichukua, kwa posho ile ndogo ambayo sote hapa tunaiita insentivu. Kazi: kufika saa mbili, kukaa kwenye benchi la korido, kuitwa ukihitajika, kuondoka saa nane. "Kazi ya kivulini," rafiki zangu walisema, na mmoja aliniomba nimwombee nafasi.

Siku nyingine niliitwa mara tano. Siku nyingine mara moja. Kuna juma zima niliitwa mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kumwelekeza mtu chooni.

Juu ya benchi kulikuwa na mabati. Bati la kwanza lilikuwa na misumari kumi na minne, la pili kumi na mitatu, kwa sababu mmoja ulichomoka ukaacha tundu. Tundu hilo liliingiza duara la jua, dogo kama kizibo cha soda. Saa mbili unusu duara lilikuwa ukutani, usawa wa jicho langu. Saa nne limeshuka kwenye benchi. Saa tano liko kwenye goti langu, na saa sita na nusu limefika mlangoni kwa meneja kabla yangu. Nilikuwa nikisogea kidogo ili lisinikose goti. Mtu mzima, baba wa watoto watatu.

Nikajaribu kujitafutia kazi. Nilipanga madawati ya wageni kwa mstari. Nilichukua ufagio nikafagia korido, na mama anayefagia akanijia juu, kwa haki kabisa: "Wewe mwanangu unataka waseme mimi sihitajiki?" Nikaanza kuwaandikia watu barua zao pale pale benchini, barua za shule, za ndugu waliopotea. Nikaambiwa kwa upole kwamba hilo halimo katika majukumu yangu. Basi nikarudi kwenye misumari.

Kilichoniokoa ni simu. Hapa kambini kuna masomo ya mtandaoni kwa wanaoweza kuyafuata, na mimi nilikuwa na muda kuliko mtu yeyote. Katika kozi ya saikolojia nikakutana na watu wa Marienthal, kijiji cha Austria karibu na Vienna. Kiwanda chao cha nguo kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Wataalamu, Marie Jahoda akiwa mmojawao, wakaenda kuishi nao na kuwatazama, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Walisimama dirishani na saa mkononi wakipima mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea polepole, na kila hatua chache walisimama, bila sababu. Wanawake walisimama mara chache, kwa kuwa nyumbani kuliwasubiri kupika, kufua na watoto. Hilo nilimsomea mke wangu. Akasema hao wazungu wangemuuliza yeye angewaambia bila saa.

Jambo lililonikaa zaidi ni maktaba ya kile kijiji. Ungedhani mtu asiye na kazi atasoma sana. Walihesabu vitabu vilivyoazimwa wakakuta vimepungua karibu nusu. Muda ukizidi mno unaharibika, kama mafuta yaliyoachwa wazi, na ukiuhitaji kwa kitu cha maana unakuta hauliki tena. Nilijua hivyo benchini: siku niliyoitwa mara tano ndiyo siku niliyosoma kurasa nyingi.

Baadaye nikasoma majaribio ya Wamarekani. Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwaacha watu peke yao ndani ya chumba kwa dakika kumi na tano, hakuna simu wala kitabu, wawaze tu. Kulikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wote walikwishaionja ile shoti na kusema wangelipa hela wasipigwe tena. Hata hivyo wanaume 12 kati ya 18 walijibonyezea, na wanawake 6 kati ya 24. Mmoja alijipiga mara 190! Nilicheka peke yangu hadi mama wa ufagio akageuka. Sisi hapa umeme wenyewe ni wa kusubiri. Duara la jua lilitosha.

Jaribio la pili ni la mtafiti Christopher Hsee, mwaka 2010. Wanafunzi walipewa fomu, wakaambiwa waipeleke hapa karibu kisha wasubiri robo saa, au waipeleke mbali na kurudi. Kila upande utapewa peremende. Peremende zilipokuwa sawa kote, wengi walikaa. Zilipokuwa tofauti kidogo, wengi walikwenda mbali, ingawa ladha zilipendwa sawasawa, na waliotembea walikuwa na furaha kuliko waliokaa. Maana yake, kama nimeelewa vizuri, binadamu anatamani kuhangaika lakini anaona haya kuhangaika bila sababu. Mpe kisingizio hata cha peremende, ataondoka. Mimi ufagio ulikuwa peremende yangu. Wakati wa kuushika nilijua kabisa ile korido imeshafagiwa.

Basi siku moja ya baridi ya mwezi wa Juni niliitwa kwa nesi. Ndani alikaa bibi wa Fizi, amejifunga vitenge viwili, amekasirika hadi mikono inatetemeka. Nesi, binti wa Kichewa, naye karibu alie. Nikauliza kuna nini. Bibi akanigeukia: "Mwanangu, huyu mtoto ananitukana. Mimi nina vitukuu, ananiuliza habari za mimba!"

Nesi alikuwa amemuuliza kama m'mimba panauma. Kwa Kichewa hilo ni tumbo pia, hata lile la chakula. Neno ni lile lile letu, ila lilisafiri njia nyingine. Nikamweleza bibi. Akanitazama, akamtazama nesi, kisha akacheka mpaka kilemba kikalegea, akashika mkono wa binti wa watu akasema ndiyo, panauma, tangu tuko Tanzania, tangu kwenye basi. Nesi akaandika. Mimi nikasimama kati yao kwa dakika kumi, si zaidi, na nilirudi benchini nimelowa jasho. Jioni ile nilikata kuni bila kuombwa.

Sasa niseme kitu ambacho sijamwambia mke wangu. Siku zangu nzuri za kazi ni siku ambazo watu wapya wamefika kwa wingi. Wanatoka Kivu, wamekatisha Tanzania, wamevuka mto Songwe, wamepita Karonga, wamelala njiani siku ambazo wenyewe wamepoteza hesabu yake. Siku hiyo siketi. Naitwa chumba hiki, naitwa kile, sauti inanikauka, chai inapoa, saa nane inapita sijaiona. Narudi usiku nimechoka ule uchovu mwingine, wa mafundo sitini. Mke wangu akiniona hivyo ananiwekea maji ya kuoga bila swali.

Na najua wanachonieleza ndani ya vyumba vile. Nakirudia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, ndivyo mkalimani anavyosema: niliondoka usiku, niliacha mama yangu, sijui mdogo wangu yuko wapi. Sentensi nyingine ni zangu pia, kwa hiyo hazihitaji kutafsiriwa sana. Kazi inanishika vizuri kiasi kwamba wakati wa kusema hayo siumii. Kuumia kunakuja siku ya pili benchini, hakuna anayeita, duara liko gotini. Labda hiyo ndiyo misumari niliyokuwa naihesabu. Sijui.

Juzi Jumanne ilikuwa siku kavu. Hadi saa tano hakuna aliyeniita. Wazee walikuwa chini ya mti wakicheza drafti kwa vizibo, na nilikuwa nimefikia bati la nne. Kisha nikasikia gari kubwa linakata kona, na mama wa ufagio akasema, "Wamekuja tena, maskini." Kabla meneja hajafungua mlango, kabla sijaonewa huruma na mtu wala kumwonea mtu, miguu yangu ilikuwa imekwisha simama. Nilivuka uwanja kuelekea lile gari bila kusimama hata mara moja, na katikati ya uwanja nikagundua kwamba nakimbia.