Fahamu: Kurekodi skrini, msaada kwa wafanyakazi walio mbali
Chukua mfano wa muuguzi wa Salamabila, Kabambare, aliyekwama kwenye DHIS2, programu ya takwimu za afya inayotumiwa nchini Kongo. Anayeweza kumsaidia yuko Kindu, na barabara ni ya udongo. Kumweleza kwa simu kwamba “nimebonyeza pale, pakatokea maandishi mekundu” kutawachosha wote wawili.

Kurekodi skrini ni simu kujichukua video yenyewe: kila kinachotokea kwenye skrini kinaonekana, na mtumiaji akiwasha maikrofoni, sauti yake inasikika akieleza. iPhone zilipata uwezo huo mwaka 2017 kupitia iOS 11. Android iliuweka rasmi kwenye toleo la 11, mwaka 2020. WhatsApp nayo ilileta ujumbe mfupi wa video mwaka 2023, usiozidi sekunde 60. Huo huchukuliwa kwa kamera, si kwa skrini, kwa hiyo unafaa kumwonyesha fundi pampu iliyoharibika, si jedwali la takwimu.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba video inaweza kusubiri. Mkutano wa moja kwa moja hukatika mtandao ukiyumba. Video inatumwa usiku, na mwenzako anaitazama asubuhi, hata mara tatu.

Lakini skrini haina siri. Jina la mgonjwa, salio la pesa, meseji inayoingia ghafla: vyote vinarekodiwa, na video ikishasambazwa hairudi. Zima arifa kwanza, tumia fomu isiyo na jina la mtu, na usizidishe dakika mbili, maana video hula mega haraka.