Bangili ya Shilingi Tano

Saa ya chakula katika shule nyingi za msingi za umma jijini Nairobi, husikii mtoto akidaiwa pesa. Anafika mbele ya foleni, anagusisha bangili yake ya mpira kwenye kifaa cha mhudumu, kinalia tii, na sahani inajazwa wali na ndengu. Wa nyuma yake tayari amenyoosha mkono.

Bangili hiyo haina betri. Ndani mna chipu ndogo kuliko punje ya mchele, imeungwa na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa. Kifaa cha mhudumu hutoa uga wa sumaku unaogeuka mara milioni 13.56 kwa sekunde. Waya ukiusogelea, kwa sentimita chache tu, uga huo huzalisha umeme ndani ya waya, kiasi cha kuiamsha chipu itaje namba yake. Kanuni yenyewe aliigundua Michael Faraday mwaka 1831. Namba ikishatajwa, bei ya mlo hukatwa kwenye akaunti ambayo mzazi huijaza kwa M-Pesa.

Mfumo huo, Tap2Eat, ni wa shirika la Food4Education. Wawira Njiru, mtaalamu wa lishe, alilianzisha mwaka 2012 huko Ruiru akiwapikia watoto 25. Mwaka 2023 serikali ya kaunti ya Nairobi iliungana nalo katika mpango wa Dishi na County. Humo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, na gharama iliyobaki hulipiwa.

Katika teknolojia za kumsaidia mtu ale vizuri, mimi sina imani sana na programu za simu zinazomhesabia kalori. Zinadhani mlaji ndiye anayechagua. Mtaani kinachochagua ni bei na saa: mama ametoka alfajiri, mtoto ana shilingi 30 mfukoni, na nje ya geti smokie, aina ya soseji, inapasuliwa na kujazwa kachumbari. (Ni tamu, sikatai.) Bangili haimhubirii mtoto huyo. Inamwekea ndengu kwa bei ambayo muuza smokie haiwezi, siku baada ya siku, mpaka ulimi uzoee.

Na chakula chenyewe si cha kubahatisha. Protini ya mchele ina upungufu wa laisini, ambayo ndengu inayo kwa wingi. Ndengu nayo imepungukiwa na methionini, na hiyo mchele unayo. Vikikutana sahanini, kila kimoja huziba pengo la mwenzake, bila kumgusa ng'ombe, mnyama anayekula malisho mengi na kutoa methani.

Kila tii pia ni sahani iliyohesabiwa. Mpishi anayejua shule imegusisha mara ngapi jana hana sababu kubwa ya kupika sufuria la kumwaga.

Ila Desemba shule zikifungwa na mtoto akabaki mtaani, smokie bado inamngoja. Hapo kaunti bado ina kazi.