Jumba la Sinema la Majestic, Unguja: Usanifu na Hadhira

Majengo ya enzi ya ukoloni nchini Tanzania yamezoeleka kusomwa kwa kumtazama aliyeamuru yajengwe. Boma la Kijerumani la Biharamulo, mkoani Kagera, linaruhusu usomaji huo: lilijengwa kwa ajili ya utawala, na halikuhitaji ridhaa ya aliyelitazama. Jumba la sinema ni jambo jingine. Lisipopata wa kukata tiketi, hufungwa.

Majestic, lililoko Vuga katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, linaonesha tofauti hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 palisimama hapo Royal, iliyosanifiwa na J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuja kuwa Balozi Mkaazi na ambaye pia alisanifu Beit el Amani. Sinclair alipenda matao, kuba na nakshi zenye kuiga usanifu wa Kiislamu. Yalikuwa, kwa kweli, mawazo ya mgeni juu ya namna Zanzibar ilivyopaswa kuonekana. Jengo hilo liliteketea kwa moto. Lililofuata, la mwaka 1955, lilisanifiwa na Dayalji Pitamber Sachania, msanifu wa papo hapo Unguja, kwa mtindo wa Art Deco. Hivyo Uarabu wa kubuniwa na Mwingereza ukaondoka, ukaingia usasa uliochaguliwa na mwenyeji.

Hadhira nayo iliutumia ukumbi kwa namna ambayo ramani ya jengo haioneshi. Bei za viti ziliwagawa watazamaji, lakini giza na filamu ya Kihindi viliwakutanisha. Katika sinema za Unguja yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake pekee, na kwa saa hizo jengo lilelile liligeuka mahali pa faragha katikati ya mji.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema zilitaifishwa. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mwaka 1973, kisha zikaja kanda za video, na watazamaji wakabaki majumbani. Paa la ukumbi wa Majestic limekwisha kuporomoka. Anayetaka kulihifadhi hana budi kuamua anahifadhi nini: kuinusuru sura ya mbele na kuupangisha ukumbi kwa biashara nyingine ni kuhifadhi kibao cha jina tu. Wakati huohuo, tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limekuwa likionesha filamu uani mwa Ngome Kongwe, jengo lililowekwa kwa ajili ya vita.