Senti 75 kwa Kila Ugonjwa

Mtoto akichomwa sindano ya surua, matubwitubwi na rubela nchini Marekani, ndani ya bei yake mna kodi ya dola 2.25: senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa. Fedha hizo huingia kwenye mfuko wa kuwafidia wachache walioumizwa na chanjo.

Mfuko huo ulizaliwa na kesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi walimiminika mahakamani wakidai chanjo ya kifaduro, dondakoo na pepopunda imewaharibu watoto wao ubongo. Watengenezaji wakaanza kujitoa, ikahofiwa chanjo itaadimika. Sheria ikapitishwa mwaka 1986, na tangu Oktoba 1988 mdai huanzia kwa serikali, si kwa kampuni.

Mzazi hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Lipo jedwali la chanjo, madhara na muda. Mzio mkali uwe umeanza ndani ya saa 4. Utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, kati ya siku 1 na 21 baada ya chanjo ya rota. Dalili ikiangukia humo, huhesabiwa imetokana na chanjo, mpaka ionyeshwe sababu nyingine. Hata wakili hulipwa na mfuko mteja akishindwa, mradi dai lilikuwa na msingi.

Kulipwa, basi, si hukumu ya kisayansi. Mwaka 2006 watafiti walipima vinasaba vya wagonjwa 14 walioaminika kuharibiwa ubongo na chanjo ya kifaduro. Kumi na mmoja walikutwa na hitilafu kwenye jeni ya SCN1A, inayoleta kifafa kikali cha utotoni kiitwacho Dravet. Homa ya chanjo huweza kuamsha degedege la kwanza, lakini ugonjwa mtoto huwa kazaliwa nao. Na madai kwamba chanjo huleta usonji? Kesi tatu za mfano zilianguka mwaka 2009.

Kinachokera ni kikomo: fidia ya kifo ni dola 250,000, kiasi kilekile cha 1986, kana kwamba bei za vitu zililala tangu hapo.

Na huku kwetu? Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi 92 za mfuko wa fidia wa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19; mfuko huo ulianza mwaka 2021. Ulihusu chanjo hizo tu. Sindano za kliniki ya watoto hazikuwemo.