Je, Wajua? Kilo 23 za Mwanafunzi Kutoka Moshi

Umepata chuo nje ya nchi? Hongera! Sogea hapa kwenye benchi, weka begi lako chini, tulifungashe pamoja.

Je, wajua kwamba mpagazi wa Mlima Kilimanjaro haruhusiwi kubeba mzigo unaozidi kilo 20? Hiyo ni kanuni ya hifadhi. Sasa mashirika mengi ya ndege yanakuruhusu begi la kilo 23. Yaani wewe, mwaka wa kwanza hata hujauanza, unasafiri na begi ambalo mpagazi mgumu wa Marangu haruhusiwi kupanda nalo!

Na kilo 32 ndio mwisho wa mchezo. Begi moja likivuka hapo, kwa kawaida halipokelewi hata ukilipia, maana kuna binadamu wa kulinyanyua na mgongo wake ni mmoja. Mama akikuongezea unga wa ulezi dakika ya mwisho, mwambie kwa upole: "Mama, tutafute begi la pili."

Mzigo wa mkononi je? Mashirika mengi yanataka kilo 7 tu. Ndiyo maana kila siku viwanjani utamwona kijana kavaa majaketi mawili juani.

Unapitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yaani KIA? Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1971, na njia yake ya kurukia ina kilomita 3.6. Ule wa Arusha mwaka 2013 ulikuwa na kama kilomita 1.6. Basi sikia hii: Desemba 2013, Boeing 767 iliyokuwa ikija KIA ilitua Arusha kimakosa! Abiria walitoka salama, ndege ikabaki na magurudumu kwenye majani. Usicheke, soma tiketi yako vizuri: JRO ni KIA, ARK ni Arusha.

Tuje kwenye baridi. Mtoto wa Moshi anaamka anaiona theluji dirishani, lakini wengi hawajawahi kuigusa. Je, wajua kwamba kule juu kwenye kilele cha Kibo wastani wa joto kwa mwaka mzima ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri? Moscow mwezi Januari hucheza humo humo. Na Harbin, China, Januari hushuka hadi karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, wastani tu huo! Kumbe mwanafunzi wa Harbin anakwenda darasani kwenye baridi kali kuliko ya kileleni.

Koti la kukabili hiyo kazi usilinunue dukani kwa bei ya kuumiza. Nenda mitumba, pale soko la Memorial mjini Moshi, uchambue taratibu. Mengi ya makoti yale yalitoka Ulaya na Marekani yakiwa marobota, na wewe unayarudisha kwao. Kama si kichekesho, ni nini?

Saa yako ya mkononi unaipeleka Moscow au Istanbul? Usiiguse! Miji yote miwili inatumia saa ile ile ya Moshi mwaka mzima, Urusi tangu 2014 na Uturuki tangu 2016. Lakini ukipangiwa Tromsø, Norway, jiandae: huko kuna chuo kikuu kizima mahali ambapo jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Halafu kiangazi likichomoza, wiki kadhaa halizami.

Sasa chakula, na hapa ndipo penye vituko. Unakwenda Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya? Nyama kutoka Tanzania, hata kipande kilichokaushwa, hairuhusiwi. Maziwa nayo hayaruhusiwi, mgando umo. Lakini samaki wakavu je? Unaruhusiwa hadi kilo 20! Soma tena: kilo 20 za samaki, nyama hata gramu moja hapana. Asali nayo inapita, mradi isizidi kilo 2.

Subiri, bado. Tangu Desemba 2019, matunda na mimea inayoingia Umoja wa Ulaya lazima iwe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu duniani. Yataje! Nanasi, nazi, duriani, tende na... ndizi! Mchagga, umesikia? Mshare wako wa kihambani unaingia Berlin bila cheti chochote. Mtori utaupika huko huko, nyama ukanunue kwao. Sheria imeugawa mtori katikati, ndizi ndani, nyama nje. Nchi nyingine zina sheria zao, na Australia ndio wakali kupindukia: kila chakula unakitaja kwenye fomu, ukificha unapigwa faini.

Unakwenda Japani? Basi kahawa usibebe nyingi. Kule madukani kahawa ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, na kanuni zao zinaruhusu arabika yetu karibu yote kuitwa hivyo, ya Bukoba ikiachwa nje. Ndiyo, hata iliyolimwa Mbeya, iko huko imevaa jina la mlima wetu! Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliopanda miche ya kwanza kwenye miteremko hii mwishoni mwa karne ya 19 wangeshangaa.

Umeme nao una mambo. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa inaingia bila shida Uingereza, Ireland, Malaysia na Singapore. China na Australia haiingii, Ujerumani haiingii, Marekani ndiyo kabisa. Na hata ukipata adapta, birika lako la umeme la volti 230 ukilichomeka Marekani kwenye volti 120 linabaki na nguvu kama robo tu. Chai ya asubuhi utainywa mchana. Chaja ya kompyuta mpakato haina taabu: isome mgongoni, nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240.

Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, hairuhusiwi kabisa kwenye begi linaloshushwa tumboni mwa ndege. Ibebe mkononi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na ile iliyoandikwa 20,000 mAh ina kama 74, kwa hiyo uko salama.

Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuhangaika na begi? Hadi Oktoba 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja! Kilipofunguliwa, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, wanafunzi hawakufika 15. Kabla ya hapo ilikuwa Makerere, Uganda, au ng'ambo. Nyerere alipanda ndege Dar es Salaam mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi na shahada mwaka 1952. Jirani zetu wa Kenya walijaza ndege nzima mwaka 1959: wanafunzi 81, safari moja, Nairobi hadi Marekani.

Na Erasto Mpemba unamjua? Akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, akitengeneza aiskrimu, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Utafiti wake na mwalimu wa chuo kikuu, Denis Osborne, ulichapishwa Uingereza mwaka 1969, na wakati huo kijana alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu ya Moshi! Baadaye akasoma Australia na Marekani. Hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya aiskrimu ile.

Asha-Rose Migiro naye alipitia sekondari ya Weruweru, hapa hapa Moshi, akaja kupata udaktari wa falsafa Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992. Mwaka 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mzigo wa ajabu kuliko yote uliotoka mlimani? Jiwe! Mwaka 1889 Hans Meyer aliliokota kileleni, akalikata, nusu akampa Kaisari wa Ujerumani, nayo ikapachikwa ukutani kwenye kasri la Potsdam. Wewe usijaribu.

Mwisho, karatasi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, kiombe mapema. Pasipoti mpya za kielektroniki zilianza Januari 2018 na hudumu miaka 10, kwa hiyo za mwanzo kabisa zinakwisha 2028. Nchi nyingi hutaka ibaki na miezi 6. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano? Tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata kama juu yake pameandikwa miaka 10. Kwa hiyo usilipie chanjo nyingine: inuka sasa hivi, nenda kaitafute kabatini kwa mama.