Jasho la Kuigiza Katika Kibanda cha Kioo

Wazee wa Marekani wanapokumbushana televisheni ya zamani, aghalabu hawakawii kufika kwenye vipindi vya chemsha bongo na zawadi, na hasa kwa wale waliokuwa wakiviendesha. Huwataja Bill Cullen, Monty Hall, Bob Barker na Alex Trebek kama mtu anavyowataja majirani waliohama mtaa. Wala si ajabu. Mwendeshaji wa kipindi kama hicho aliingia sebuleni siku baada ya siku, na maamkizi yale yale, kwa miongo kadhaa. Barker aliendesha The Price Is Right tangu 1972 hadi 2007. Aliyemtazama kabla hajaanza shule alimtazama tena akiwa na watoto wake mapajani. Mwaka 1987 aliacha kupaka nywele rangi, akajitokeza na mvi zake, na watazamaji wakaendelea kuzeeka pamoja naye. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 99.

Tanzania Bara, ambako vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, haina kumbukumbu ndefu kiasi hicho. Hata hivyo, ndugu msomaji, kisa cha vipindi hivyo kinastahili kusimuliwa katika kila nyumba yenye televisheni, kwa sababu mapenzi hayo yote yalijengwa juu ya amana, na amana hiyo iliwahi kuvunjwa mbele ya taifa zima.

Mwaka 1956 kituo cha NBC kilianza kurusha kipindi kiitwacho Twenty-One, mwendeshaji wake akiwa Jack Barry. Washindani wawili walifungiwa kila mmoja ndani ya kibanda cha kioo, masikio yamezibwa kwa visikizi, ili asisikie kinachojibiwa na mwenzake. Siku ya kwanza mchezo uliendeshwa kwa uaminifu, na matokeo yakawa aibu: washindani walikosa swali baada ya swali. Mdhamini alikasirika. Tangu hapo mtayarishaji, Dan Enright, akaanza kuwapa washindani majibu kabla ya kipindi.

Hakuishia kwenye majibu. Herbert Stempel, mwanafunzi na askari wa zamani, aliagizwa anyoe nywele kwa mtindo wa kizamani na avae suti isiyomkaa vizuri, ili aonekane fukara. Alifundishwa kusitasita, kuuma midomo, na kufuta jasho kwa kugusagusa leso usoni bila kuipitisha. Kiyoyozi cha kibandani kilizimwa ili jasho lenyewe lipatikane. Watazamaji walipoanza kumchoka, aliamriwa ashindwe. Desemba 1956 aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka uliotangulia. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda mno. Alitaja nyingine, kama alivyoagizwa.

Aliyechukua nafasi yake alikuwa Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa mshairi mashuhuri, mtanashati na mpole wa kauli. Alishinda dola 129,000, na picha yake ikapamba jalada la jarida la Time. Wazazi walimtaja kwa watoto wao kama kielelezo cha faida ya kusoma. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa dhuluma kubwa kuliko fedha. Novemba 2, 1959, baada ya kukana kwa muda mrefu, alikiri mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi kwamba alipewa majibu. Akapoteza kazi yake chuoni. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa, ikawa jinai kupanga matokeo ya mashindano ya aina hiyo.

Ajabu ni kwamba kipindi kinachopendwa kuliko vyote kilizaliwa kutokana na kashfa hiyo. Merv Griffin alikuwa safarini na mkewe Julann, akilalamika kwamba baada ya yaliyotokea hakuna atakayekubali tena kipindi cha maswali. Mkewe akamwambia: basi wape majibu, wao watafute swali. Akamtupia mfano, 5,280, naye akajibu kwa kuuliza maili moja ina futi ngapi. Jeopardy! ilianza kurushwa Machi 1964 ikiongozwa na Art Fleming, na iliporudi kwa sura mpya mwaka 1984 akaishika Alex Trebek, Mkanada aliyeiendesha kwa zaidi ya vipindi 8,000.

Trebek hakuwa mcheshi wa kupindukia, na pengine ndiyo sababu aliaminiwa. Alisoma swali kwa matamshi safi, akasahihisha bila kudhalilisha, akamwachia mshindani sifa zake. Machi 2019 aliwatangazia watazamaji mwenyewe kwamba ana saratani ya kongosho iliyofikia hatua ya nne. Hakuacha kazi. Alirekodi mara ya mwisho Oktoba 29, 2020, na siku kumi baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 80.

Monty Hall naye amewaachia watu fumbo ambalo familia yaweza kulijaribu jioni kwa vikombe vitatu na punje ya mahindi. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili mingine kuna mbuzi. Ukishachagua mlango, mwendeshaji hufungua mmoja wa iliyobaki na kukuonyesha mbuzi, kisha hukuuliza kama wataka kubadili. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant aliandika gazetini kwamba kubadili kunakupa nafasi mbili katika tatu za kupata gari. Akamiminiwa maelfu ya barua za kumpinga, nyingine za wenye shahada za juu kabisa za hisabati. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini Hall mwenyewe aliongeza jambo ambalo wengi hawakulifikiria: hesabu hiyo inasimama pale tu mwendeshaji anapolazimika kufungua mlango kila mara. Akiwa na hiari ya kukushawishi ubadili siku zile tu ulizokuwa umepata, hakuna hesabu itakayokuokoa.