Akbar Hakusoma, Lakini Hakuikimbia Elimu

Swali limerudi, safari hii kutoka kwa baba wa kijana wa darasa la tano: “Mwalimu, si yule mfalme wa India, Akbar, hakujua kusoma, na dola akaitawala? Mbona mnamtesa mwanangu kwa vitabu?” Nimeulizwa hivi hadi nimechoka. Basi nijibu kwa maandishi, nipumue.

Ni kweli, Akbar hakujua kusoma. Mwanawe Jahangir mwenyewe ameliandika hilo. Walimu, hata hivyo, hawakukosekana. Alipofikisha miaka minne, miezi minne na siku nne, wanajimu walichagua saa njema ya kumwanzishia masomo. Saa ilipowadia, mtoto alikuwa ameshatokomea michezoni. Mwalimu wake wa kwanza aliachishwa kazi kwa tuhuma za kupenda njiwa kuliko darasa (tunao wa namna hiyo mpaka leo), na waliomfuata hawakufua dafu. Mwaka 1556 baba yake, Humayun, alifariki baada ya kuanguka kwenye ngazi za maktaba yake huko Delhi, na kijana wa miaka 13 akarithi kiti.

Hapo ndipo wasimulizi wa mitandaoni hukomea. Sasa sikilizeni yaliyobaki. Abu'l-Fazl, mwandishi wa kasri, anaeleza kwamba kila siku Akbar alisomewa vitabu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji alipokomea, mfalme aliweka alama kwa kalamu yake, na malipo yakafuata idadi ya kurasa. Alisomewa historia, maadili, mashairi ya Rumi, Gulistan ya Saadi, na hakuchoka kurudia kitabu alichokwisha kukisikia. Alianzisha ofisi ya tafsiri, utenzi wa Kihindi wa Mahabharata ukageuzwa kutoka Kisanskriti hadi Kiajemi. Mwanahistoria wa kasri Badauni, aliyeichukia kazi hiyo kwa moyo wote, alilazimishwa kushiriki. Mwaka 1575, huko Fatehpur Sikri, Akbar alijenga ukumbi wa mijadala ambamo maulamaa, Wabrahmani, Wajaini, Wazoroastra na mapadri Wajesuiti walibishana mbele yake hadi usiku wa manane. Alipofariki mwaka 1605, maktaba yake ilihesabiwa kuwa na vitabu 24,000. Jahangir anasema aliyezungumza na baba yake asingedhani kamwe kwamba hakusoma.

Huyo ndiye kielelezo chenu cha kuacha shule?

Na kuna linalowaumbua zaidi. Mwaka 1580 Akbar alimkabidhi mwanawe Murad, mtoto wa miaka kumi hivi, kwa Padri Monserrate, mmoja wa Wajesuiti hao, ili afundishwe Kireno. Mtu anayeona kusoma ni upuuzi hamtafutii mwanawe mwalimu kutoka Ulaya.

Wengine huja na utambuzi mkononi: Akbar alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma. Huenda. Lakini disleksia hupimwa kwa kumketisha mtu na kumsikiliza akisoma, na huyu alizikwa Sikandra miaka mia nne na ushei iliyopita. Tumwache apumzike, tumtazame mtoto aliye hai.

Mwanao hana wasomaji wa ikulu, kwa hiyo fanya haya. Apimwe macho na masikio kwanza. Muulize mwalimu wake anakwama wapi hasa: kutambua herufi, kuunganisha silabi, au kuelewa alichosoma, maana kila tatizo lina dawa yake. Msomee kwa sauti kila jioni, dakika kumi tu, naye afuatishe kwa kidole. Asichekwe na kaka wala dada. Mwache ajibu kwa mdomo anapozidiwa na kuandika. Miezi michache ikipita bila nafuu, mwone mwalimu wa elimu maalumu, na uiombe shule impe muda wa ziada kwenye mitihani. Sharubati za kuongeza akili ziache dukani. Fimbo nayo iache.